Matembezi ya Mtemi Ngiri

Enzi wanyama walipokuwa na baraza, sheria yao ilikuwa moja: baraza ndilo linalotangaza vita, na mtemi kazi yake ni kuviongoza. Vikishatangazwa, kila mwenye miguu lazima aende.

Mtemi Ngiri hakuwa na subira. Siku fisi wa ng'ambo ya mto walipomtukana, alinoa meno yake akawaamuru vijana wamfuate. Nungunungu, msemaji wa baraza, akaziba njia kwa miiba yake. Wanawe mwenyewe wawili walikuwa mstari wa mbele wa vijana hao.

"Mtemi, baraza halijaketi."

"Baraza la nini, Mama? Hivi si vita. Ni matembezi tu."

"Unasema hivyo mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Si vita."

Nungunungu akalaza miiba, akapisha. "Haya, mmesikia wenyewe. Vita ni lazima, matembezi ni hiari. Anayetaka kutembea na mtemi, aende."

Ngiri akatimua mbio, mkia juu, bila kutazama nyuma. Alipofika mtoni akawakuta fisi wamejipanga wanamsubiri. Akageuka kutoa amri. Nyuma yake hapakuwa na yeyote, ila vumbi lake mwenyewe.

Akarudi anahema. "Basi, ni vita," akasema. "Waambie waje."

"Sasa ndiyo umefika barazani," Nungunungu akamjibu. "Keti, Mtemi, tukuulize ni vita vya nini."