Mchemraba wa Ukumbi Mpya

Kampuni ya Mzee Nassibu iliunda mashine za kupimia uimara wa zege. Tangu mwanzo ilikuwa na desturi moja: kila ilipozindua jengo lake jipya, mchemraba wa zege ya jengo hilo ulipondwa mbele ya wageni kwa mashine ya kwanza aliyoiunda mzee mwenyewe.

Siku ya kuzindua ukumbi, bintiye Tausi ndiye aliyeiendesha. Mshale ulipanda, lakini kabla haujafika alama nyekundu, kiwango ambacho zege imara lazima ihimili, mchemraba ukapasuka. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Tausi akainua macho. Juu, kwenye roshani, kwaya ilikuwa ikirukaruka.

Kaka yake Hamdani, mkurugenzi, akamnong'oneza huku akiwachekea wageni. "Sema mashine imezeeka."

"Nimeikagua asubuhi, kaka. Nzima kabisa."

"Utamuua baba kwa aibu!"

Tausi akanyakua kipaza sauti. "Tokeni nje, jamani! Kwaya, acheni kuruka! Shukeni polepole!"

Nje, juani, wageni walinung'unika. Wapishi walibaki wameshika sahani za pilau.

"Umetuvua nguo," Hamdani alisema. "Waombe radhi, uwaambie umekosea."

Tausi hakumsikiliza. Alikuwa akitazama mlangoni. Ndani, chini ya roshani, Mzee Nassibu alikuwa bado ameketi, akipangusa mashine yake kwa kanzu.

"Siombi radhi," Tausi alisema, akavua viatu vyake virefu, akarudi ndani kumtoa baba yake.