Mara ya Tatu

"Shifa, umeniwakilisha nikuoze?" shemeji yangu, ami yake aliyesimama badala ya babake, aliuliza mara ya pili. Alisimama nje ya pazia na mashahidi wawili. Bwana harusi, mwenye duka Mwembe Tayari, alikuwa akingoja msikitini.

Binti yangu hakujibu. Kwetu Kibokoni mwari huulizwa mara tatu, na akinyamaza, basi amekubali.

"Ni haya tu hizo," wifi yangu akacheka. "Mwari hasemi. Jitayarisheni kwa vigelegele."

Mimi nilikuwa nikiitazama mikono ya Shifa. Alikuwa ameikunja ngumi, na hina mbichi ilimtoka baina ya vidole ikidondokea shuka jeupe.

"Mwanangu," nikamwambia, "kama una neno, sema."

Wifi akanivuta. "Mama Shifa, wamsemesha ya nini? Tutasemwa mji mzima!"

"Mimi nasemwa tangu nilipokwenda kusoma chuo kikuu. Nimekufa?"

"Basi msemee. Sema yuwataka, tumalize."

"Mimi pia nilisemewa siku yangu, wifi. Na aliyenisemea hakuja kukaa na mume wangu."

Shemeji akakohoa. "Shifa, nakuuliza mara ya tatu na ya mwisho."

Wifi akavuta pumzi apige kigelegele. Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikakaza.

Shifa akauvua ushungi.

"Ami," akaita, kwa sauti ya kufika barazani, "simtaki."

Kiganja changu sikukiondoa.