Fishi ya Waridi

"Nataka kuona fishi yangu," mwanamke alirudia. "Ile mulibakia nayo. Yote yenye muliandika juu yangu mbele ya vita."

Alikuja na ombi hilo wiki iliyopita, na Anatole, karani wa biro ya komini, ofisi ya serikali pale Baraka, Kongo, alishangaa. Watu humwendea kuomba karatasi mpya. Hakuna anayetaka kusoma aliyoandikwa zamani.

Lakini mwanamke huyu hakuwa na jinsi. Alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na msichana aliyekaa kando yake kwenye benchi, amekumbatia mfuko wa madaftari. Shule ilimpokea mtoto kwa huruma tu. Mkurugenzi wa shule alishasema wazi: bila cheti cha kuzaliwa, haandikishwi mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Na cheti hakitoki mpaka mama wa mtoto ajulikane ni nani. Hapo ndipo palipokuwa na shida yote.

Anatole alipenda kujipa ukubwa, ila roho yake haikuwa mbaya. Akaingia chumba cha nyuma, akapiga chafya, akarudi na fishi yenyewe, kadi iliyoliwa na unyevu. Mahali pa picha palibaki doa jeupe.

"Waridi. Wa wapi?"

"Lweba."

"Baba?"

"Uledi. Alikuwa anavua ndagala. Akakufia mu ziwa."

"Mama?"

"Salma."

Alijibu haraka haraka, jasho likimtoka chini ya kitambaa cha kichwani. Anatole hakulitilia maanani. Biro huwatisha hata wenye haki zao.

"Na mutoto?"

"Salma vilevile."

"Ah! Mulimupatia jina ya bibi yake. Ni vizuri." Akaifunika kadi kwa kiganja. "Sasa unisikilize, mama. Mi naamini, lakini kuamini kwangu hakutoshe. Lazima muntu mwenye alikujua zamani aseme ni wewe."

"Nitamutoa wapi? Kwetu hakukubakia muntu."

"Nani alikudanganya? Nimepigia chef wa kijiji cha Lweba simu. Mama yako iko muzima! Amekuja na pikipiki, iko pale inje."

Kambini kila mtu alijua kwamba Salma wa Lweba aliuawa siku ile ile ya kukimbia. Walimlilia, wakamsomea dua, mwaka hadi mwaka.

"Iko muzima?" aliuliza, ameshika ukingo wa meza.

"Muzima kabisa. Furahi basi!"

Hakufurahi. Aliogopa. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita, na jicho la mama ni jicho la mama. Akamshika mtoto mkono ili waondoke, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Aliingia bibi mwembamba, kikwembe chake kimejaa vumbi la barabara. Akasimama. Akamtazama mwanamke kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mtoto, muda mrefu zaidi.

"Shikamoo, mama," mwanamke alisema. Ilikuwa salamu ya Tanzania. Lweba watu hawaamkiani hivyo.

"Mama Waridi," Anatole alimwita, kwa jina ambalo Lweba haikuacha kumwita hata siku moja, "njo ye, mutoto wako?"

Bibi aliinama mbele ya msichana. "Unaitwa nani, mutoto?"

"Salma."

Bibi akamgusa mtoto shavu.

Anatole alikohoa, akaisogeza kadi karibu na macho. "Hapa banasema kuko kovu ya moto, mukono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mi ni mwanaume, sitaambia mama wa Kiislamu avule nguo. Angalia wewe, mama. Kama kovu iko, tumemaliza. Kama hakuna, fishi inarudi mu kabati."

Mwanamke alifumba macho. Akamfikiria mtoto na mtihani wake, akasikia aibu kabla ya kuaibishwa.

Bibi alimsogelea, akaingiza vidole ndani ya mkono wa gauni. Akapapasa polepole kutoka kiwiko mpaka begani, akashuka, akapanda tena. Akauacha mkono wake pale. Machozi yakaanza kumtiririka, wala hakuyafuta.

"Kovu iko," alisema. "Mi njo nilimuchoma na mafuta ya samaki, wakati iko mutoto mudogo. Andika, baba. Ni mutoto wangu."

Anatole mwenyewe alilazimika kutafuta leso. Alinakili fishi yote, neno kwa neno, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko kawaida, akaahidi kwamba cheti cha mtoto kitatoka kabla ya Ijumaa. Nje, watu wa foleni walikwishapata habari. Akina mama wakapiga vigelele, mmoja akamkumbatia mwanamke bila hata kumjua. Yeye alibana karatasi kifuani.

Bibi alimshika mkono wakapita katikati ya watu mpaka nyuma ya ukuta wa biro, mahali pasipo na masikio. Akamtuma mtoto akamwite mwenye pikipiki. Akamsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona.

"Ule mutoto ni wa Waridi, nimemujua na sura," alisema kwa sauti ya chini. "Na umemulea muzuri, asante. Sasa uniambie, mwanangu: Waridi mulimuzika wapi?"