Mabati Mekundu

Ndege ilikuwa juu ya Kabambare, lakini chini yake hapakuwa na nchi. Kulikuwa na ukungu wa kijivu tu, kisha kompyuta ikaganda tena.

“Papa Nathanaël, mashini inachoka,” Abdoul alisema. “Huu muchezo unaomba nguvu mingi. Unakunywa rezo ya internet kama mulevi wa matanga.”

“Jaribu tena, mwanangu.”

Duka la Abdoul, sokoni Kasongo, lilikuwa la kuchaji simu na kutoa fotokopi. Mchezo wa kurusha ndege ulikuwa starehe yake mwenyewe. Alikuwa amemwambia mzee kwamba unavuta picha za satelaiti, picha za karibuni. Ukipita juu ya kijiji, unaona nyumba zake.

Nathanaël alitaka kuona kijiji kimoja tu. Kilikuwa njia ya Salamabila, naye alikikimbia na familia yake walipoingia wenye silaha. Sasa wengine walisema watu wamerudi na wanalima. Wengine walisema kimeungua chote, na wenye silaha bado wanalala humo. Hapa Kasongo, ndugu aliyewapokea alikuwa ameacha hata kuwasalimia.

Nje, mkewe Aurélie alisimama kando ya pikipiki iliyofungwa mizigo, mtoto mgongoni.

“Papa, tunaenda ao hatuendi?” Hamadi, mwenye pikipiki, aliita mlangoni. “Jua halingojei amina yako.”

Nathanaël alifumba macho. Bwana, nionyeshe. Nikikosea, nawapeleka wote kaburini kwa mikono yangu.

Abdoul alifungua ukurasa wa mipangilio, akaanza kuipunguzia mashini mzigo. Akazima mawingu. Akazima vivuli. Akazima mawimbi ya mto, akaendelea kuzima kila alichokutana nacho, mpaka kompyuta ikaacha kunguruma.

Ndege ikateremka kwa upole. Mto ukatokea, kisha barabara, kisha kijiji.

“Nyumba iko,” Nathanaël alinong’ona. “Mwanangu, nyumba iko. Mingi.”

“Na zote mabati mekundu,” Abdoul alisema. “Kumbe mulikuwa matajiri, papa, na soda hamukuninunulia.”

“Tulikuwa na nyasi tu. Huo ni musaada. Mungu ametuma musaada.”

Alimshika Abdoul mikono yote miwili. Akatoka. Abdoul alimsikia akimwambia Aurélie, “Panda, mama. Tunarudi kwetu.” Pikipiki ikanguruma, ikashika njia ya Kabambare.

Abdoul alibaki akitabasamu. Alipenda kukitazama vizuri zaidi kijiji hicho kilichobarikiwa, basi akarudi kuwasha vitu alivyovizima. Alianza na kile alichokizima mwisho: picha za satelaiti.

Mabati mekundu, ambayo mchezo ulijichorea tu pasipo picha hizo, yakafutika yote kwa pamoja, zikabaki kuta zilizoungua.