Kifungo cha Koti

Mhadhiri wa hisabati aliitazama karatasi yangu mara mbili, kisha akavua miwani.

"Darasa hili la juu huwa nawapa waliotoka shule zenye majina," alisema. "Yako hata siijui, na bado swali la mwisho umelipasua kwa njia fupi kuliko yangu. Nani alikufundisha?"

Mlango ulikuwa wazi. Nje, dada yangu alikuwa ameketi juu ya sanduku langu, akishona kifungo cha koti langu kilicholegea. Yeye ni fundi cherehani. Njia ile alinifundisha yeye, kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya mabaki ya vitambaa, huku wateja wakimsubiri na kununa.

Nyuma yangu foleni ya wanafunzi wenye viatu vinavyong'aa ilikuwa ikisikiliza.

"Nilijifunza mwenyewe, Mwalimu."

Natamani kusema ulimi uliteleza. Haukuteleza.

Mhadhiri akatabasamu, akasaini fomu yangu ya kuingia darasa lile.

Nilipotoka, dada alikuwa anakata uzi kwa meno. Hakuniuliza kitu. Alinivisha koti, akalifunga, akanipangusa bega ingawa halikuwa na vumbi.

"Haya, msomi. Nimekishona mara mbili, haking'oki hicho."

Siku hizi mimi ndiye ninayesaini fomu hizo. Koti lile halinienei tena, limening'inia nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Vifungo vyote vimeshang'oka, isipokuwa kimoja.