Vidole vya Watu Wawili

Siku hizo hapakuwa tena na mitihani. Kila nyumba ilikuwa na kibao kilichouliza maswali kila alasiri na kukadiria anachojua mwanafunzi. Aliyeshuka chini ya nusu alifuatwa na gari, akapelekwa bweni, na huko jamaa hawakuruhusiwa kufika.

Ndiyo maana Bi Mkaya alimsaidia mjukuu wake, Riziki. Mtoto akinywa uji, yeye alihesabu kunde kwenye ungo, kisha akabonyeza jibu kwa kidole chake mwenyewe.

Alasiri hiyo kibao kiliuliza saba mara sita. Bi Mkaya alipanga kunde, akazihesabu mara mbili, akabonyeza thelathini na nane.

"Arobaini na mbili, bibi," Riziki alisema taratibu.

"Kumbe unajua! Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa mfungo. Nilikuachia kwa sababu ulikuwa unafurahi."

Bi Mkaya akacheka huku machozi yakimlengalenga. Mtoto ana huruma huyu! Lakini kibao kilikuwa kimebadilika rangi.

"Nimetambua vidole vya watu wawili," kilisema kwa upole. "Mwanafunzi wa kwanza anapanda. Wa pili anasahau, amebaki kwenye nusu. Akikosa swali hili, gari litamfuata kesho. Bibi, nane mara saba?"

Bi Mkaya alizitazama kunde, na mkono wake haukujua pa kuanzia.

Riziki akaweka bakuli chini. Akaanza kumsogezea bibi yake kunde, saba, saba, saba, na jicho dogo la kibao likawa linaufuata mkono wa mtoto.