Zulia la Wageni

Pampu ilinguruma kana kwamba inatafuna kokoto. Injinia Tatu aligusa bomba la gesi linalotoka tangini, akaurudisha mkono haraka.

"Nani kalipaka rangi nyeusi?"

"Mimi," alisema meneja Kisanji. "Nyeupe ilichafuka, na leo tuna wageni."

"Nyeusi inavuta jua, bosi! Gesi inatoka tangini ikiwa kimiminika, inachemka njiani, pampu inavuta mapovu matupu. Izime kabla haijapasuka!"

"Haizimwi. Wanakuja kuiona ikifanya kazi."

Tatu alimtazama, akasonya. Akalikwapua zulia jekundu lililotandikwa mlangoni, akalitumbukiza kwenye pipa la maji, akalizungushia bomba lote. Kidogo kidogo pampu ikatulia.

Honi ikalia getini. Maji mekundu yalichuruzika sakafuni, yakifuata viatu vyeupe vya meneja.